Droni yangu ilijitulia baharini yenyewe: yaliyonikuta Jambiani

Kama droni yako iko chini ya maji muda huu unaosoma, acha kusoma kwanza. Usiondoe macho pale ilipozamia, piga skrinishoti ya ramani kwenye simu kabla hujagusa kitu kingine, programu usiifunge, halafu nenda pale haraka utupe kitu kinachoelea chenye kamba na jiwe. Ukimaliza rudi tuongee. Mengine yote yanaweza kungoja hata kesho, hayo hayangoji.

Mimi napiga picha za matukio na mahoteli, zaidi Unguja, na siku hizi droni ndo inaniletea wateja kwa sababu kila mwenye vyumba viwili vitatu vya wageni pwani anataka ile klipu ya kutoka juu, maji ya kijani, ngalawa inapita, mwamba unaonekana kwa mbali na mawimbi meupe. Kazi yenyewe ilikuwa Jambiani, pwani ya mashariki, mteja anataka mashamba ya mwani na ngalawa ikikatiza katikati. Vibali ninavyo, vya TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) na vya upande wa ulinzi, na asubuhi nilishapita kwa sheha, kiongozi wa mtaa wa pale, kumwonyesha karatasi na kumwambia nitarusha wapi na saa ngapi. Hili la sheha usilidharau hata kama una karatasi zote, nitakwambia mbele lilivyokuja kunifaa.

Alasiri kama saa kumi maji yamejaa, bamvua, kusi inapuliza haswa. Tukaona turushie kwenye ngalawa ili tuwe karibu na mashamba, nikairusha kutoka mkononi na mwanzoni kila kitu safi, klipu zinatoka nzuri mpaka nahodha mwenyewe anaomba aone.

Sasa sikiliza hapa maana ndo penye kiini chote. Droni ikipaa inaandika pale ilipopaa kuwa ndo nyumbani kwake. Kwa mtu aliyesimama ufukweni hilo halina shida, nyumbani hakutembei. Ila ngalawa inatembea. Sisi tulipaa pale, nahodha akageuza tanga, tukaenda zetu, baada ya muda tuko mbali kabisa na kwa akili ya droni nyumbani bado ni pale pale kwenye maji matupu. Na simu ilikuwa inapigwa jua muda wote, ikachemka, ikajizima. Skrini nyeusi. Betri ya droni inaelekea kuisha na yenyewe ikaamua kurudi, ikatupita juu ya vichwa inaelekea tulikotoka, ikafika, ikaanza kushuka taratibu kabisa kama inatua kwenye zulia.

Karibu na maji ilisimama kidogo. Droni nyingi za kampuni ya DJI zina ulinzi wa kutua, zikiona chini hapaeleweki zinasubiri mrushaji athibitishe. Nikasukuma stiki juu ikapanda kidogo, nikaivuta ije kwetu lakini upepo unaisukuma nyuma, na betri ikafika ile hatua ya mwisho ambayo inatua tu na huwezi tena kuisitisha. Ikaingia. Hata kishindo hakikusikika, nilichosikia ni nahodha tu anasema "lo!"

Kuna mtu ataniuliza mbona hukubonyeza kitufe cha kurudi kwenye rimoti uisitishe mapema. Swali zuri, na wengi hawajui kwamba rimoti inaendelea kurusha hata simu ikizima, kinachopotea ni picha na ramani tu. Skrini ikizima mtu akili inahamia kwenye simu, unabonyeza kuiwasha, unaipulizia, unaitia kivulini, na huko juu dakika zinakwenda. Simu ikifa iache, inua kichwa, rusha kwa macho.

Nahodha ni mzee wa makamo, maisha yake yote kayala kwenye hiyo bahari. Mimi nimeshaanza kulalamika, akanikata: "Wewe mwanangu usiseme kitu. Angalia pale tu, usikodoe kwengine." Akageuza chombo, mimi nanyoosha kidole, yeye anafuata kidole. Tulipofika akatupa dumu tupu la lita tano lililofungwa kamba na jiwe, kama wanavyowekea mitego yao alama. Halafu akafanya kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye video yoyote ya hawa wataalamu wa droni. Akatazama nchi kavu akaniambia, unaona ule mnara wa simu, umeingia nyuma ya mnazi ulioinama, sasa geuka huku, lile paa la makuti limegusana na msikiti. Mistari miwili inakutana hapa tulipo. Akanilazimisha nipige picha pande zote mbili kwa simu yake kwa sababu yangu bado ilikuwa imezimia. Dumu lilikuja kuchukuliwa na maji usiku lakini ile mistari miwili haikwenda popote.

Skrinishoti niliyokusihi mwanzo mimi sikuipata, simu ilishajizima. Ila ilipopoa nikafungua DJI Fly, ile programu ya kurushia, kuna sehemu inaitwa Find My Drone, inakuonyesha mahali pa mwisho ilipoonekana, na rekodi za safari nazo zinabaki kwenye simu. Kwangu rekodi ilikatika simu ilipozima kwahiyo ilionyesha sehemu ya katikati ya safari, haikunisaidia. Kilichosaidia ni ile pointi ya nyumbani yenyewe, maana droni ilikwenda kutua kule kule, na ukiweka pamoja na alama za mzee zinapatana vizuri tu. Usitegemee kuisikia kwenye rimoti ikiwa chini. Mawimbi ya 2.4 GHz hayapiti kwenye maji ya chumvi, na droni yenyewe inazima ndani ya muda mfupi sana.

Jioni ile ile vijana wawili wenye miwani ya kuzamia wakajaribu. Kina kilikuwa kama vimo viwili vya mtu, si vingi, lakini upepo umechafua maji, jua linashuka, maji yameanza kupwa yanavuta, wakatoka mikono mitupu. Nikawalipa elfu ishirini kila mmoja. Hapa nina ushauri: patana kabla mtu hajaloa. Hela ndogo ya kutafuta, hela kubwa ya kupata, na useme mbele ya watu wengine wasikie. Ukisema tu "nitawaona" utaishia kubishana ufukweni huku giza linaingia, na wewe huna hali ya kubishana.

Usiku sikulala vizuri, sitaki kusema uongo. Droni ya zaidi ya milioni mbili, lakini kilichonikaa rohoni kilikuwa kadi ya kumbukumbu. Kwenye ile kadi kulikuwa na kazi ya mteja yote ya siku hiyo pamoja na klipu za asubuhi za kazi nyingine ambazo sijazihamisha. Nilitaka kurudi maji yakipwa saa nne usiku na tochi, mzee akakataa katakata, akasema kuna samaki taa kwenye mchanga na kuna mkondo kwenye mlango wa mwamba, kitu chako hakina miguu, asubuhi.

Na asubuhi ndo penyewe. Kwa asiyekulia pwani, bamvua ni zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji yanajaa sana na kupwa sana, Unguja tofauti yake inafika kama mita 4. Upande ule siku za bamvua maji yanajaa mnamo saa kumi na yanakauka mnamo saa nne kwenda saa tano, mchana na usiku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Kwahiyo pale ambapo jana vijana walikuwa wanazamia, leo saa tano kasoro unatembea maji yakiwa magotini. Ingekuwa siku za maji mafu, maji yasingeshuka kiasi hicho na hadithi yangu ingekuwa nyingine. Kabla hujalipa mzamiaji yeyote muulize mvuvi maji yanapwa saa ngapi, inawezekana kabisa huhitaji kuzamia, unahitaji ndala na subira. Ndala ngumu lakini, au viatu, kuna miba kule chini.

Tukaenda kwenye alama za mzee, tukazunguka, hamna kitu. Tukapanua mzunguko, hamna. Kina mama wa mwani walikuwa wameshaingia wanafunga mbegu kwenye kamba, mmoja akanitazama navyozunguka kama kuku akasema, "Kaka, kitu chepesi hakikai hapo. Maji yakipwa hupelekwa kule kwenye majani, hata mwani wetu ukikatika twaufuata kule." Akanyoosha mkono upande wa mlango.

Basi ndo ilivyokuwa. Droni ya chini ya gramu 250 ikizama uzito wake ndani ya maji ni mdogo mno, mkondo unaiburuta juu ya mchanga mpaka ikutane na kitu cha kuishika. Usizunguke duara kuzunguka alama, fuata mstari wa maji yalikokwenda. Aliyeiona siyo mimi, ni mzee mmoja anayechokoa pweza, aliinua fimbo yake akaita. Ilikuwa imelala chali kwenye majani ya bahari, panga moja limevunjika, rangi yake ya kijivu na mchanga hazitofautiani, nadhani mimi ningeikanyaga nikapita. Na hapa ndo sheha aliponifaa: hakuna mtu pale aliyeshangaa au kuogopa kile kidude, habari ilishafika diko lote, pale wanaposhukia wavuvi, kuwa kuna kijana kapoteza ndege yake ana karatasi. Kwa mtu asiyejulikana, droni iliyookotwa baharini ni maswali marefu. Mzee wa pweza nikampa elfu hamsini, mama wa mwani nikampa thelathini japo alisema yeye kaonyesha mkono tu.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kutoa betri, pale pale tukiwa ndani ya maji. Ilikuwa imevimba kidogo na kwenye pini zake kulikuwa kunatoka vipovu vidogo vidogo, usiku mzima ndani ya chumvi na bado ina chaji ya kuchemsha vipovu. Pini ya upande mmoja ilikuwa imeliwa imebaki kijiti cheusi, ya upande wa pili inang'aa karibu kama mpya. Hiyo ndo kazi ya umeme na chumvi vikikutana, na ndo sababu ya kwanini betri inatoka kabla ya picha, kabla ya kushangilia, kabla ya chochote. Betri ya namna hii ya lithiamu hairudi kwenye chaja kamwe, hata ikikauka, hata ikiwaka taa zake nne. Inaweza kushika moto baadaye sana wakati umeshaisahau. Yangu niliifukia kwenye ndoo ya mchanga mkavu, nje, mbali na paa la makuti. Mwenye nyumba ya wageni aliniuliza mara mbili kama nina uhakika, nikamwambia sina ndo maana iko nje. Na usiibebe kwenye ndege, betri za lithiamu zilizoharibika haziruhusiwi kabisa.

Cha pili, na hapa watu wengi wanaua droni iliyokuwa na nafasi: usiiache ikauke na chumvi ndani. Ikikauka ile chumvi inaganda, inapata hewa, kutu ya kijani inaota kwenye shaba ya bodi. Iloweke kwenye maji baridi yasiyo na chumvi. Najua inasikika kichaa kuzamisha tena kitu ulichokitoa majini sasa hivi, lakini maji matamu bila betri hayana madhara makubwa kama chumvi iliyokauka. Maji ya kisima cha pale niliyaonja yana chumvi chumvi, nikanunua maji ya kunywa madukani, nikaisuuza, nikamwaga, nikaisuuza tena, mpaka nikilamba panga halina ladha. Ndio, nililamba. Kisha ikaingia kwenye ndoo yenye mfuniko na maji mapya tukapanda daladala mpaka mjini. Konda akauliza samaki gani huyo, nikamwambia wa milioni mbili, akacheka akanitoza na nauli ya ndoo.

Mjini fundi wa kwanza alitaka kuchomeka betri nyingine "tuone kama inawaka." Nikaichukua ndoo yangu nikatoka. Fundi anayeanza na umeme kabla ya kufungua huyo hajawahi kuokoa kitu cha baharini. Wa pili akafungua kwanza, bisibisi ya nyota, kila skrubu kwenye karatasi yake, akasuuza bodi kwa maji ya betri, kisha mswaki laini na ile spiriti safi wanayotumia mafundi simu kufutia bodi. Maji ya betri hapa ninamaanisha yale yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, ya kuongezea kwenye betri ya gari, yanauzwa vituo vya mafuta. Soma chupa vizuri maana kuna nyingine ni asidi, zinakaa rafu moja. Thina usikubali, inakula plastiki na kioo cha kamera kinaota ukungu. Mchele nao achana nao, mchele haunyonyi chumvi, unaingiza vumbi tu kwenye mota. Feni, kivuli, na siku kadhaa, basi.

Matokeo sitayapamba. Mota zote nne nzima, hizi mota zisizo na brashi ni ngumu, zinataka kusuuzwa mchanga utoke na tone dogo la mafuta kwenye beringi. Bodi kuu imekufa upande wa betri, njia za shaba zimekatika kabisa. Kamera imebaki na ukungu wa chumvi kati ya vioo, na ile flekisi, waya bapa mwembamba wa gimbali inayotuliza kamera, imeliwa. Fundi aliniambia kubadilisha bodi, kamera na flekisi inakaribia bei ya droni ya mtumba, na hata akiifufua yeye asingeirusha juu ya watu. Nakubaliana naye. Nimeona watu wanajisifu droni yao imetoka baharini na inaruka, sawa, iruke shambani kwako. Juu ya bibi harusi hapana, kutu haijatangaza siku yake.

Kadi ndo ilinirudisha uhai. Kadi ndogo hizi ni ngumu kuliko zinavyoonekana, niliisuuza maji matamu, nikafuta miguu yake ya dhahabu na spiriti, nikaiacha ikauke mpaka siku ya pili, ikasomeka yote isipokuwa klipu ya mwisho. Klipu ya mwisho huwa haijafungwa kwa sababu umeme ulikatika inarekodi. Ukiwa na droni nyingine ya aina hiyo hiyo mara nyingi unairudisha kadi ndani, unawasha, inaitengeneza yenyewe. Ikigoma kuna programu ya bure inaitwa untrunc, unaipa faili zima kutoka kamera ile ile linakuwa mfano wa kurekebishia lile bovu. Ila kabla ya majaribio yote hayo nakili kadi nzima kwenye kompyuta kwanza. Mteja alipata kazi yake, na kwa taarifa yenu hakuuliza hata siku moja droni imekuwaje.

Ukijumlisha ngalawa ya ziada, wazamiaji, zawadi, fundi, maji na nauli nilitumia kama laki tatu na nusu kuokoa kadi ya elfu arobaini. Kwa kazi iliyokuwa ndani bado ililipa, lakini uwe unajua unachotafuta. Baharini unatafuta kadi, droni ukiipata ni nyongeza.

Wale wenye bima ya mtengenezaji, zile kama Care Refresh ya DJI, kumbukeni mara nyingi wanataka mwili wa droni urudishwe ndo wakubadilishie, kwahiyo hata iliyokufa kabisa ina thamani yake, usiiache chini eti imeshakufa. Ikipotea moja kwa moja ni utaratibu mwingine na hela nyingine.

Siku hizi kama lazima nirushie kwenye chombo, nabadilisha pointi ya nyumbani kila tunapohama, iko kwenye mipangilio ya usalama, na ikipoteza mawasiliano nimeiambia isimame hewani badala ya kurudi. Nageuka betri ikiwa asilimia 40, kwa sababu ya kusi, kurudi dhidi ya upepo kunakula betri kuliko kwenda. Simu ina kivuli chake. Chini chini juu ya maji sirushi tena, vihisi vya tumboni vinachanganywa na maji yanayomeremeta, droni inaweza kushuka yenyewe ikidhani iko juu zaidi. Juu ya mikono ya droni nimebandika nailoni ya njano inayong'aa na tumboni nimeandika namba ya simu kwa maka isiyofutika na neno ZAWADI.

Maboya nimeyajaribu. Yale ya miguu ya sponji yanaelea kweli ila kwenye upepo wa kusi droni nyepesi inapepesuka na yanaongeza uzito, kwa ziwa tulivu labda. Kuna vile vidude vidogo unafunga mgongoni, vina kidonge kinachoyeyuka majini kisha boya linapanda na uzi, hiyo naona ina akili zaidi kwa sehemu zenye kina, maana nje ya mwamba hakuna kutembea na ndala. Wanaofanya kazi za bahari kila siku wanatumia droni kama za SwellPro ambazo hazipitishi maji na zinaelea zenyewe, kamera zake kwa macho yangu bado hazijafikia ninachouza mimi, kila mtu na kazi yake.

Mota nimemuuzia jamaa wa Paje. Kadi niliitupa baada ya kunakili, watu wananiuliza mbona bado inasoma. Inasoma ndio, lakini imeshakunywa chumvi, na kesho yake nilikuwa na harusi.